Fundi Aliyesema Gari Langu ni Zima

Mtu huyu nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, na kama ungeniuliza kabla ya ile Idd, ningekuapia kwamba ninamjua nje ndani. Mpaka leo nikikumbuka uhakika niliokuwa nao, mwili unanisisimka. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo sitayagusa, maana yeye hakunisimulia nami sikumwuliza. Mtaani kwetu Ukunda, huku nyuma ya soko, aliitwa fundi basi. Tunao mafundi wa mabomba, wa cherehani na wa simu, lakini ukisema fundi bila kuongeza neno, kila mtu anajua unamtaka yule wa umeme wa magari.

Kiwanja chake cha kazi kilikuwa upande wa pili wa ukuta wetu mfupi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na jioni nilikuwa nikikaa barazani kusahihisha kazi za watoto huku nikimsikiliza akizungumza na wateja, kwa hiyo mengi ninayoyajua juu yake yaliingia masikioni kabla ya machoni. Alikuwa na sauti nzito ya polepole, na hakushika gari la mtu kabla ya salamu. Siku moja kijana mmoja wa bara, aliyekuja kufanya kazi hotelini Diani, aliingia na gari lake kwa kasi, akashuka mlango ukiwa bado unatikisika.

"Mzee, niaje. Hii ndai inanisumbua mbaya. Naona ni altaneta, nichekie fasta."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani wote wazima?"

Kijana akaduwaa. "Eh... shikamoo, mzee."

"Hiyo nimeshaiitikia. Haya, fungua boneti."

Nilicheka mpaka kalamu ikaniponyoka. Kijana yule baadaye akawa mteja wake wa kudumu, na nilikuwa nikimsikia anaanza kutoa shikamoo tangu yuko njiani.

Ugonjwa ambao fundi aliupenda kuliko yote ni ule wa gari kulala zima na kuamka limekufa. Wengine wakiletewa gari la namna hiyo hukimbilia kubadilisha betri. Yeye hakukubali kwamba betri inaweza kuisha bila mlaji. Alikuwa na kitaa kidogo, balbu aliyoitoa kwenye pikipiki akaifunga nyaya mbili. Alifungua waya wa hasi kwenye betri, akaunganisha upande mmoja wa kitaa kwenye betri na upande wa pili kwenye ule waya alioufungua, akafunga milango yote, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ngoja lisinzie," alikuwa akimwambia mwenye gari. "Gari nalo halipati usingizi papo hapo."

Kitaa kikizima, gari halina kosa. Kikiendelea kuwaka, kuna kitu ndani kinakunywa umeme wakati mwenyewe anakoroma. Hapo ndipo alipoanza kuchomoa fyuzi, moja moja, akirudisha kila moja mahali pake, mpaka aifikie ile ambayo ikitoka tu kitaa kinafifia. "Mlevi wenu huyu hapa," alisema, kisha akaufuata waya wake mpaka mwisho, akakuta redio iliyofungwa ovyo, au kengele ya wezi, au kijitaa cha ndani ambacho hata mwenye gari hakujua kama kipo. Mlevi huyo alimfunga kwenye karatasi akampa mwenyewe aende naye, hata kama ni kipande cha waya kilichoungua. Hakubaki na kitu cha mtu.

Chumvi ya bahari huku kwetu inakula kila chuma, kwa hiyo kila betri iliyopita kwake aliiosha vichwa kwa maji ya moto na magadi, akavipaka mafuta mazito ya kujipaka. Mafuta yenyewe aliyachukua chumbani kwa mkewe. Mkewe alikuwa mwanamke mwenye mdomo, akigomba mtaa mzima unanyamaza kumsikiliza. "Leo tena magari ya watu yananukia kuliko mimi!" Na fundi, bila kuinua kichwa, anajibu, "Yenyewe yana kutu, wewe huna." Basi mama yangu ndani atacheka mpaka akohoe.

Kusema uongo hakuweza kabisa. Dereva mmoja wa hoteli alikuja akamwomba amwambie tajiri wake kwamba gari la wageni limeharibika mpaka Jumatatu, ili apate kwenda harusini kwao Bodo. Nilikuwa barazani, nilisikia yote.

"Harusi nenda," fundi akamwambia. "Lakini mimi sisemi limekufa na liko hai. Mwambie tajiri wako una harusi."

Dereva aliondoka akimtukana kimoyomoyo, uso ulionyesha. Jumatatu alirudi na biriani kwenye bakuli lenye kifuniko. Alikuwa amemwambia tajiri ukweli, akapewa ruhusa, na wala hakuamini.

Lakini mtu huyu alikuwa na jambo moja ambalo lilinishangaza tangu siku ya kwanza nilipoligundua. Nyumba yake haikuwa na stima. Nguzo imesimama kwenye pembe ya kiwanja chake, nyaya zinapita juu ya paa lake kwenda kwa majirani, na yeye, mtu anayekula kwa umeme, anawasha balbu za magari kwa betri kuukuu walizomwachia wateja. Mchana alizichaji kwa kipande cha sola kilichopasuka kioo, jioni anaziunga pamoja kama ng'ombe wachovu wa kulima. Nilidhani ni ubahili. Mama ndiye aliyenieleza. Fundi alikuwa na mdogo wake, na mdogo huyo alishika mlango wa mabati asubuhi ya mvua, bila kujua kwamba waya wa stima uliochubuka ulikuwa umelalia bati. Fundi ndiye aliyembandua pale mlangoni kwa mwiko wa kusongea ugali. Mdogo mtu hakuamka tena.

"Ya gari volti kumi na mbili haijaniulia mtu," aliniambia siku moja nilipothubutu kumwuliza. "Ile nyingine haina huruma. Haitaingia nyumbani kwangu."

Halafu mkewe akapooza. Asubuhi alikuwa akigomba juu ya mafuta yake, mchana upande mmoja wa mwili haumsikii, na maneno yanatoka nusunusu. Mtaa uliingiwa na ukimya wa ajabu. Fundi alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani kila mara ili mgongo usichubuke, kisha anatoka kushika magari. Familia moja iliyofiwa na mgonjwa wao iliwapa godoro la hewa, lile linalojazwa na pampu ndogo ya umeme, linalopanda huku na kushuka kule usiku kucha ili mwili usikandamizwe mahali pamoja. Pampu inataka umeme bila kukatika. Nilimwambia fundi wazi kwamba sasa hana budi kuvuta stima. Alinitazama kama niliyemwambia amchinje mkewe. Akaniambia betri zinatosha.

Mimi nami nilikuwa na mgonjwa wangu. Mama alikuwa na maradhi ya figo, na kila Jumatatu na Alhamisi nilimpeleka Msambweni kusafishwa damu kabla sijaingia darasani. Kwa ajili hiyo nilinunua kigari cheupe cha otomatiki, kikuukuu, na nikakilinda kama yai. Hakuna aliyekiazima. Hakuna aliyekiegemea. Akikosa siku moja ya kusafishwa mama anavimba miguu, akikosa mbili anakosa pumzi, kwa hiyo gari lile kuamka asubuhi kwangu kulikuwa ni mama kuamka. Niliegesha mbele ya dirisha la mama, pua ya gari imeelekea ukuta wa fundi. Yeye mwenyewe aliwahi kunitolea nyaya mbili fupi kutoka kwenye betri mpaka kwenye matundu ya mbele, chini ya taa. Alisema siku ya shida tutaliamsha kwa betri yake bila hata kufungua boneti. Nilimshukuru sana kwa nyaya hizo.

Ndipo gari likaanza kufa. Jumatano asubuhi nageuza ufunguo, tik, kimya. Fundi anakuja na betri yake, anaunga kwenye zile nyaya, gari linaamka. Siku mbili tatu linakuwa zima, halafu Jumamosi tena, tik. Nilipagawa. Nilimwambia fundi kwamba likinifanyia hivi siku ya Msambweni nitampoteza mama yangu. Alilipima mchana mzima. Kitaa kilizima mapema na kubaki kimezima.

"Gari lako ni zima," akaniambia.

"Zima vipi, fundi, na linakufa?"

"Mwanangu, nimekipa kitaa kila nafasi. Ndani ya gari hili hakuna kinachokunywa."

Juma lililofuata likafa tena, akapima tena, jibu likawa lile lile, gari ni zima. Fundi mwingine wa barabarani aliniambia ninunue betri mpya na altaneta, kile chombo kinachoichaji betri gari likiwaka. Niliporudi kumweleza fundi wetu, alinikatalia kwa ukali ambao sikuuzoea. "Usinunue chochote. Betri yako ni nzima, na altaneta yako ni nzima. Usinunue." Kisha akageuka akaingia ndani kumtazama mkewe. Nilidhani amechoka. Kitu kimoja tu kilinipa moyo, nacho ni kwamba asubuhi ya Jumatatu na ya Alhamisi halikunifelisha hata mara moja. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba ni baraka za mama. Walinikubalia, na mmoja aliguna.

Sasa ikaja ile Idd. Kwa kuwa sikukuu iliangukia Alhamisi, tuliambiwa zamu ya mama itasogezwa iwe Jumatano. Nilimwambia mama Jumatatu tukiwa njiani kurudi, na Jumanne asubuhi nikamkumbusha tena. Jumanne jioni nilipotoka shuleni nilimkuta amekaa kitandani, begi lake la hospitali liko miguuni, amekunja leso zake mbili, tasbihi na chupa ya maji, zipu imefungwa. "Umeanza mapema, mama," nilimtania. Akasema wazee hawapendi kukimbizwa.

Jumatano nikageuza ufunguo. Tik.

Mvua ilikuwa ikinyesha ile ya kukata mtu pumzi. Nilikimbia ukutani kumwita fundi. Alitokeza, akanitazama mimi, akamtazama mama aliyesimama mlangoni amevaa buibui, begi mkononi, na uso wake ukabadilika. Sijawahi kuona rangi ikimtoka mtu namna ile. Nilidhani ni huruma.

"Leta betri, fundi!"

"Zangu zote zimekufa," akasema, kwa sauti ambayo karibu sikuisikia.

Gari la otomatiki halisukumiki likawaka. Fundi alikimbia pekupeku kwenye tope mpaka barabarani, akarudi na tuktuk, akambeba mama mwenyewe akamwingiza. Tuktuk yenyewe ilikwama kwenye maji mara mbili. Tulipofika Msambweni zamu yetu ilikuwa imekwisha pita, na kwa sababu ya sikukuu kila mashine ilikuwa na mtu wake. Jioni mama alianza kuvuta pumzi kwa kelele. Akalazwa, akawekewa oksijeni, na mimi Idd hiyo niliisali kwa machozi kwenye benchi la hospitali. Walipopata nafasi ya kumsafisha aliponea chupuchupu.

Nilirudi nyumbani kumchukulia nguo. Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwetu, mkononi ameshika waya mrefu uliokunjwa, wenye vibanio viwili kwenye ncha.

"Shikamoo, fundi."

"Leo usiniamkie," akasema. "Betri yako naila mimi."

Nilimsikia lakini sikumwelewa. Nilimwomba arudie. Akarudia neno kwa neno, halafu akanitangulia mpaka kwake, akanionyesha. Usiku waya huo ulikuwa ukipita chini ya ukuta, kwenye tundu la maji ya mvua, ukiambaa na msingi wa nyumba mpaka dirishani, ukiingia kwenye kiinveta, kisanduku kinachougeuza umeme wa betri uifae pampu, kilichowekwa juu ya stuli. Kutoka hapo ndipo pampu ilipopata umeme. Mkewe alikuwa amelala juu ya godoro, uso ameuelekeza ukutani. Betri zake kuukuu zikichoka, fundi alivuta umeme wangu kwa zile zile nyaya fupi alizonitolea kwa wema, na kabla ya alfajiri anaviondoa vibanio. Ndani ya gari kweli hakukuwa na kinachokunywa. Alikuwa amenipimia gari kutwa nzima, ananiambia ni zima, na kila neno lilikuwa la kweli!

Nilishika fremu ya mlango.

"Fundi. Mama yangu ana mpira wa oksijeni puani."

"Najua."

"Ulijua siku zake. Ndiyo maana Jumatatu na Alhamisi ulikuwa huligusi."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukuniomba? Mimi nipo hapa kila siku, tunasalimiana kila siku, kwa nini hukuniomba?"

Alitazama dirisha la mama upande wa pili wa ukuta, lililokuwa limefungwa. "Sikukuomba wewe," akasema hatimaye. "Hilo ni kosa, na ni langu."

Nilitoka nikamwita jirani mwingine, akaliamsha gari kwa betri yake. Nilichukua gari nikaenda kuliegesha shuleni, ambako hakuna mtu wa kulinyonya. Hasira ilikuwepo, lakini kilichoniuma hasa ni kwamba mtu niliyemwamini kuliko ndugu zangu alikuwa akipita usiku chini ya dirisha la mama yangu akimnyang'anya asubuhi yake.

Nilidhani jambo lile litabaki kati yetu. Hapana! Wiki ile ile nilimsikia kutoka barazani akimwambia mteja aliyeshuka na gari lake, baada ya salamu zote, "Kabla sijalishika, ujue kwamba nimeiba umeme wa jirani yangu mpaka mama yake akalazwa. Bado unataka nikushikie gari?" Mtu yule akapanda gari akaondoka. Akaja mwingine, akaambiwa hivyo hivyo. Wengine walibaki, wengi hawakurudi. Mtaa mzima ulilijua jambo kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi niliyedhulumiwa sikupata hata nafasi ya kulisema. Nilijiuliza ni mtu wa aina gani huyu anayeiba kwa siri na kujitangaza kwa sauti.

Mama aliporudi kutoka hospitali alitazama nje ya dirisha lake. "Gari liko wapi?"

Nikamweleza yote, nikitarajia atalia au atalaani. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akivuta vuta ncha ya leso.

"Na mkewe anaendeleaje?" akauliza.

"Mama! Huyo mtu nusura akuue!"

"Lirudishe gari pale pale," akasema.

"Siwezi."

"Lirudishe, mwanangu. Na ukimkuta mwamkie, yule ni mkubwa wako."

Nikalirudisha kwa sababu sikuwahi kumvunjia mama neno, lakini moyoni nilisema maradhi yamempunguzia akili. Bahati nzuri yule dereva wa biriani alimletea fundi betri kubwa za sola zilizotolewa hotelini kwao zilipowekwa mpya, na pampu ikapata umeme wake. Gari langu halikufa tena. Mimi na fundi tukabaki na shikamoo na marahaba, basi. Hata za nyumbani hatukuulizana.

Mama alifariki mwaka uliofuata, baada ya mvua kubwa, kwa maradhi yale yale ya figo. Alikuwa amekwenda kliniki zake zote. Fundi alikuja mazikoni, akashika jeneza kwa zamu yake, akarudi nyuma ya watu. Niliona mabega yake yakitikisika na nikageuza uso.

Sasa siku chache baada ya khitma ya mama, nageuza ufunguo asubuhi. Tik. Damu ilinipanda! Niliruka mpaka ukutani nikachungulia lile tundu la maji. Lilikuwa limezibwa kwa saruji, na saruji yenyewe ya zamani, imeota ukungu. Nilisimama pale nikiona haya mbele ya ukuta. Gari liliamshwa na mpita njia. Juma lile likafa tena, na tena, na mwisho wake nikalipeleka mahali pekee ambapo gari la namna hiyo hupelekwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni tena na msiba."

Alikuwa amezeeka. Aliinama kwa shida kufungua waya wa hasi, lakini ndoo ilikuwa ile ile, na kitaa kile kile. Tukangoja gari lisinzie. Kitaa hakikuzima. Akachomoa fyuzi, moja moja, mpaka akafika kwenye ile ya taa za ndani, kitaa kikafifia, na safari hii hakusema habari ya mlevi. Alizunguka mpaka nyuma ya gari, akaweka kiganja juu ya mlango wa buti, akausukuma polepole. Ulikuwa haujafunga mpaka mwisho. Alipoufungua, kijitaa cha pembeni kilikuwa kinawaka, na kiti cha magurudumu alichotumia mama miezi yake ya mwisho kilikuwa kimelala kando, kimekunjwa, gurudumu moja limeusukuma mlango kwa ndani.

"Kiti kiko humu tangu lini?"

"Tangu siku ile niliporudi bila yeye," nikasema. "Sijaweza kukitoa. Niliingiza mizigo ya khitma juu yake, labda ndiyo iliyokisogeza."

Alikitoa kwa mikono miwili akakiweka chini. Akafunga buti, kitaa kikazima. Kisha, badala ya kukusanya vyombo vyake, akakaa tena juu ya ndoo.

"Mama yako aliniapisha nisikwambie maadamu yu hai," akasema. "Hayupo tena, nami sitaki kufa nalo. Mimi sikupitisha ule waya kwa wizi. Nilimwomba yeye, pale dirishani. Nilimwita 'dada yangu', nikamweleza hali ya mke wangu. Akaniambia, kaka, unganisha, lakini mwanangu asijue, maana analilinda gari hili kwa ajili yangu na atakukatalia. Tukapatana kila jioni nipite nimwulize kama kesho kuna safari. Akisema ipo, sigusi."

Niliona mdomo wake ukienda lakini masikio yalikuwa yanavuma. "Ukawaambia watu umeiba."

"Yeye alinipa bila wewe kujua, na gari ni lako. Hilo ni wizi. Sikuongopa."

"Na ile jioni ya Jumanne?"

Alikishika kiti kwa mkono mmoja, akalizungusha gurudumu kidogo. "Mchana ule muuguzi alikuja kumsafisha mke wangu. Akaniambia kidonda cha mgongoni kimefunguka, asilazwe chini hata usiku mmoja. Betri zangu zilikuwa zimekufa zote kwa mawingu. Na nilijua Idd imekaribia, nilijua siku huhamishwa. Nilimwuliza dada yangu mara mbili, mwanangu. Mara ya pili nilimwuliza kwa kumtajia Idd. Akaniangalia usoni kitambo. Akaniambia, 'Kesho hakuna safari, kaka. Unganisha ukamlaze mkeo.' Asubuhi nikamwona mlangoni amevaa."

Kutoka ndani ya nyumba niliisikia pampu ikivuma, na mkewe akiuliza kwa maneno yake ya nusunusu ni nani aliyekuja.

"Basi alisahau," nikasema. "Alikuwa mgonjwa. Alisahau tu kwamba ni Jumatano."

Nilimtazama aniitikie. Fundi, ambaye hakuweza kusema limekufa na liko hai, alinyamaza. Na mimi nikaliona tena lile begi miguuni pa mama, jioni ile ya Jumanne, chini ya dirisha lile lile, leso zimekunjwa na zipu imefungwa, kwa mikono yake mwenyewe.